Ukuta wa Mbaski na Kahawa ya Mlangoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia kikombe cha kahawa kinagonga sinia hunirudia nzima nzima. Leo umenirejeshea wewe mwenyewe. Umeingia, umenipa shikamoo yako vizuri, Mungu akuhifadhi, kisha hata hujakaa sawasawa kwenye mkeka ushaniwekea simu mbele ya uso: "Babu, sema, narikodi." Nimekwambia uizime tunywe kahawa kwanza, ukanikunjia uso. Usinune. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nilikuwa zaidi yako, na ngoja nikueleze kilichonipata.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Tulikuwa tumerudi hapa Ibra, Omani, miaka michache nyuma, katika ile miaka ya sabini. Nasema tumerudi kama walivyokuwa wakisema wazee wetu, lakini mimi nilizaliwa Unguja, na Ibra nikiijua kwa hadithi za bibi tu. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu. Nikifungua mdomo sokoni watu wanacheka. Ila nilijua Kiingereza na nilijua kupiga chapa, na siku zile kijana wa namna hiyo hakukaa bure. Nikapata kazi katika ofisi moja hapa mjini. Sitaitaja, maana wengi wa wenyewe wameshatangulia mbele ya haki. Kwa ajili ya ule mshahara na ile mashine ya chapa nilijiona mimi ndiye niliyekuja na ustaarabu ndani ya sanduku. Wenyeji niliwaona washamba tu. Nakwambia wazi ili unijue nilivyokuwa.

Lakini kitu kimoja nilikuwa nacho cha kweli, nacho ni udadisi. Bibi yangu, Bi Zuwena, mama yake baba, akiniita Bwana Kwanini. Kuku akivuka njia nilitaka kujua anakwenda kwa nani. Na hapa Ibra palikuwa na kitu kilichoninyima usingizi tangu wiki ya kwanza: ukuta.

Ulikuwa nje ya mji, ukingoni mwa wadi, pale ambapo maji hupita mvua ikinyesha na siku nyingine zote ni kokoto. Zilikuwa kuta mbili zimeshikana pembeni. Moja imesimama mbele, juu kabisa, kiasi cha watu wanne kusimama mabegani. Ya pili imetoka kushoto kwake ikaenda mbali, ikishuka kidogo kidogo. Mlango haukuwapo, wala dirisha, wala paa. Msikiti haukuwa, kwani haukuelekea kibla. Chini palikuwa na sakafu ya udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama jiwe. Rangi ya ukuta ilikuwa nyekundu iliyopauka, na ukiupapasa ulikuwa laini kama bakuli. Sasa sikiliza hili: ule wa mbele ulikuwa na ukanda wa chuma, umepita toka huku mpaka huku, usawa wa kiuno cha mtu. Na ule wa kushoto uliandikwa nambari kwa rangi nyeupe, moja mpaka saba, kila nambari hatua nne tano toka kwa mwenzake. N'ambie, ungekuwa wewe, ungelala?

Basi siku moja mkubwa wangu kazini akaniita. Alikuwa mwenyeji wa hapa, mtu mtaratibu. Akanionyesha ramani. "Barabara ya soko jipya imeshachorwa, na mstari unapita juu ya ule ukuta wa wadini. Wewe mtu wa kuuliza, kaulize. Ukiwa una mwenyewe, au una habari yake ya maana, mstari tutaupinda. Ukiwa hauna, tunavunja. Niandikie karatasi moja. Una wiki mbili."

Nilitoka pale natembea juu ya hewa. Kulipwa kwa udadisi! Kitu ambacho nyumbani nilikuwa nikipigiwa.

Nikaanza kwa watu wetu, wale tunaosema nao Kiswahili. Ami Seif, jirani yetu, hakufikiri hata kidogo. "Wareno hao," akasema. Sisi watu wa Unguja, mwanangu, kila ukuta tusioujua tunawapa Wareno. Kila kisima, kila pango, Wareno. Nikamwambia, "Ami, Wareno ndio walioandika nambari kwa rangi ya mafuta, na mpaka leo haijachubuka?" Akanijibu Wareno walikuwa na rangi kali. Nikaenda kwa Juma, aliyetoka Bujumbura na akiuza spea za magari. Yeye akaniapia kwamba ni garaji. "Kila namba ni paking yake, bwana. Na ile chuma ni ya kuzuia bampa." Nikamwuliza magari yalikuwa yakiingiaje na nambari ziko ubavuni. "Kwa rivasi," akasema, wala hakucheka.

Wenyeji sasa. Nikiwauliza sokoni, walikuwa wakitazamana, wakitabasamu kidogo, wakisema Mungu ndiye ajuaye, kisha wakiyapeleka mazungumzo kwenye mbuzi. Nikasema moyoni, hawa hawajui hata kilichopo mlangoni mwao. Mmoja tu, muuza tende, alinivuta pembeni akanambia, "Nenda kwa Mzee Hamed, fundi wa saruj. Kila baada ya Alasiri hukaa kwenye kivuli cha ukuta ule." Saruj, neno ni hilo hilo letu la saruji, lakini kwa watu wa huku si simiti ya mfuko. Ni udongo uliochomwa na kupondwa, waliokuwa wakipakia mifereji na birika za maji tangu enzi za mababu.

Mzee Hamed nilimkuta nyumbani kwake, katika mtaa wa zamani. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, ndevu nyeupe, kanzu safi. Aliponipa mkono nilishtuka. Kiganja chake kilikuwa kinene na kigumu kama gome la mti, na vidole vimevimba. Udadisi ukanifurukuta, nikauambia utulie, kazi kwanza. Akanikaribisha mkekani, akaagiza kahawa ndani, kisha akaniuliza kama watu wa huku wanavyomwuliza kila anayeingia: "Shay ulum? Kuna habari?"

Mimi badala ya kujibu nikafungua daftari. "Habari nimekuja kuzitafuta kwako, mzee. Habari za ule ukuta wa wadini. Unazo?"

Akanitazama. Akasema kwa upole, "Ma shay ulum. Hapana habari ila kheri."

"Hapana kabisa?"

"Hapana ila kheri." Akaugeuzia uso mlango wa ndani. "Kahawa yaja."

Nikaandika daftarini: Hamed, fundi, hana habari. Nikainuka. Nikamwambia nashukuru, nina kazi nyingi, kahawa siku nyingine. Mlangoni nikapishana na binti yake amebeba sinia: tende, birika, vikombe viwili. Nilipita ubavu ubavu nisimwage, na harufu ya iliki ikanifuata mpaka njiani.

Wiki mbili nilizopewa sikuzimaliza. Siku ya sita nilipeleka karatasi, ili nionekane hodari. Niliandika kwamba ukuta hauna mwenyewe wala hauna habari. Kwamba pengine ni wa Wareno, pengine ni garaji. Na kwamba wazee wa mji wameulizwa na hawajui. Mkubwa wangu akasoma, akatia sahihi, akaiweka upande wa pili wa meza. Nikasifiwa. Haraka haraka haina baraka, tuliimbishwa skuli, lakini nani alisikiliza.

Baada ya siku mbili tatu, bibi alikuwa anachagua mchele ukumbini. Akaniuliza, "Bwana Kwanini, ukuta wako umesemaje?"

"Hausemi, bibi. Nimeshamaliza. Hata Mzee Hamed hana habari."

"Kasema hana?"

"Kasema mwenyewe, mara mbili."

"Ulikuwa umefika kikombe cha ngapi aliposema hivyo?"

Nikamwambia sikunywa, nilikuwa na haraka. Bibi akauweka ungo chini. Bi Zuwena alizaliwa hapa Ibra, akapelekwa Unguja bibi harusi, akarudi kizee. Nchi zote mbili akizijua kwa ndani.

"Juzi ulipokuwa na homa," akasema, "umelala unatetemeka chini ya blanketi, Ami Seif alipokuja akakuuliza hujambo, ulimjibu nini?"

"Sijambo."

"Na homa?"

"Ilikuwapo."

"Sasa na yeye angekwenda kuandika kwamba hukuumwa?"

Nilianza kuhisi joto masikioni.

"Mtoto wewe! Mtu wa huku ukimkuta maiti ya mama yake imo ndani, ukamwuliza habari, atakwambia hapana ila kheri. Habari haimwagwi mlangoni kama maji ya kufulia. Mgeni hukalishwa, akala tende, akanywa, kifua kikapoa, ndipo huambiwa. Na sisi kule Unguja si ndivyo tulivyokuwa? Hujambo, sijambo, watoto hawajambo, nyumbani salama, halafu ndipo, ila baba amefariki. Umezaliwa ndani ya ada hii hii, ukaja kuidharau kwa sababu umeisikia kwa Kiarabu. Huo ustaarabu uliokuja nao, mbona umeuacha sandukuni?"

Hakuniambia zaidi. Alkhamis, ambayo siku hizo ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, akanifungia visheti katika karatasi, akanambia niende, na nisirudi kabla ya vikombe vitatu.

Nikaenda. Mzee Hamed akanipokea kama vile siku ile ya kwanza haikuwapo. "Shay ulum?" akauliza. "Ma shay ulum," nikajibu, "hapana ila kheri." Nikaona jicho lake limecheka. Sinia likaja. Tukala tende, akaonja visheti vya bibi, akasifu. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ukuta haukutajwa. Nikakitikisa kikombe changu kama ada, kwamba imetosha. Basi mzee akajifuta midomo, akasema, "Haya. Wataka habari ya ukuta."

Kumbe yeye ndiye aliyeupaka!

Miaka ile kampuni ya barabara ilipopiga kambi wadini, alikuwapo Mzungu mmoja msimamizi wa kuvunja mawe, jina lake Inyaki. Watu wakidhani Mfaransa, na wengine wakidhani Mhispania. Mwenyewe akisema hapana, mimi ni Mbaski, kwetu ni milimani baina ya nchi hizo mbili, na tuna lugha yetu ambayo haina ndugu. Kwao kila kijiji kina ukuta, na vijana kwa wazee hucheza hapo mchezo wa pelota. Mpira mdogo, mgumu, unaupiga ukutani kwa kiganja kitupu, mwenzako naye aupige kabla haujadunda mara mbili. Alisema amezaliwa nyumba ya tatu kutoka ukuta wa kijijini kwao, na kwamba sauti ile ya mpira ndiyo iliyomlea. Hapa kwetu hakuisikia, akawa hapati usingizi.

Basi akajenga ukuta wake kwa matofali, yeye na vibarua wa kambi, jioni baada ya kazi. Akaupaka simiti. Jua la Ibra likaipasua simiti, na mpira ukipiga pale ulikuwa unakufa. Siku moja akaona birika la maji la shamba moja, la kale, halina hata ufa. Akauliza nani anajua kazi hii. Wakamleta kwa Mzee Hamed.

"Alikaa pale ulipokaa wewe," Mzee Hamed akanambia. "Kiarabu chake maneno thelathini. Lakini alikula, akanywa, akatikisa kikombe, akanyamaza mpaka nilipomuuliza haja yake. Sijui nani alimfundisha. Nadhani alitutazama tu."

Mwanangu, nilitazama mkeka. Yule mgeni aliyekuja kutoka mwisho wa dunia alikaa palepale akangoja, na mimi, mjukuu wa Bi Zuwena wa Ibra, nikakimbia.

Akanieleza walivyochimba udongo shambani, wakaufanya mikate, wakauanika, wakauchoma kwa magogo ya mitende siku baada ya siku, wakauponda, wakaupiga kwa fimbo mpaka mikono ikatoka damu. Alipomaliza kupaka, mzee alitembea kando ya ukuta mzima akiugonga kwa kiganja, sikio limeegeshwa, na kila aliposikia panalia utupu alibandua akapaka upya. Inyaki akarusha mpira. Ukalia ta! Yule Mzungu akakaa chini akalia kama mtoto.

"Kisha akanipa mpira na mimi," akasema mzee, na hapo sauti ikapungua kidogo, kwa haya. Kumbe alicheza! Mtu mzima, mwenye wajukuu, akikunja kanzu kiunoni kila baada ya Alasiri, anapiga ukuta makofi na Mzungu. Hiyo ndiyo sababu ya wenyeji kutazamana na kutabasamu. Walijua wote, ila hakuna aliyetaka kumwaibisha mzee wao mbele ya mgeni. Nambari zilikuwa za kuonyesha mpira wa kwanza udunde baina ya wapi na wapi. Ukanda wa chuma ulikuwa mpaka: mpira ukipiga chini yake umepoteza, na chuma chenyewe hulia kukushitaki. Nilipomwambia habari ya garaji ya Juma na rivasi, mzee alicheka mpaka akashika ubavu.

"Viganja vya saruj ni vigumu kuliko vyake," akasema. "Nilikuwa nikimshinda."

Walicheza majira matatu ya baridi. Mchezo huisha kwa pointi ishirini na mbili. Siku moja walifika ishirini na moja kwa ishirini na moja, mpira uko mkononi mwa Inyaki, ikaadhiniwa Magharibi. Mzee akasema, kesho. Inyaki akasema, kesho. Alfajiri ile kampuni ikahamishwa, magari yakaondoka na giza. Baadaye ikaja barua, wakamtafuta mtu wa kuwasomea: usiuache ukuta uanguke, bado pointi moja.

Mzee akafungua sanduku lake lililopambwa misumari ya shaba akautoa mpira, umefungwa kitambaa. Ndani sufi, nje ngozi ya mbuzi, umeshonwa mji wa Sinaw na fundi wa matandiko ya ngamia, baada ya ile ya Mzungu kuchakaa. "Miaka minne sasa," akasema. "Hukaa pale kila siku ili akija asinikose. Na huupiga kidogo, mkono usilainike."

Nilikuwa na la kumwambia. La kwamba ukuta umeshahukumiwa, na kalamu iliyouhukumu ilikuwa yangu. Sikuweza. Nikamwambia tu, ofisi inataka kujua habari hii, mzee, nitaiandika vizuri, usiwe na wasiwasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitoka pale nimejaa furaha ya kujua na woga wa kusema, na furaha ikaushinda woga.

Sasa sikiliza upumbavu wa pili, ambao unaniuma kuliko wa kwanza. Ijumaa, baada ya swala, nikakutana uso kwa uso na mkubwa wangu nje ya msikiti. Akanipa mkono. "Shay ulum?" akaniuliza. Na mimi, nikijivunia adabu yangu mpya niliyoijua jana, nikamjibu kwa ufasaha, "Ma shay ulum, hapana ila kheri." Akafurahi. Akasema, "Karibu nyumbani, tunywe kahawa."

Nikakataa. Nikamwambia nina kitu naandika.

Kweli nilikuwa naandika. Nilirudi nyumbani nikakaa mpaka jioni naipamba ile habari: nambari saba, ukanda wa chuma, barua, pointi moja. Kila sentensi naisoma kwa sauti, najisikia mwandishi. Ada yenyewe nilikuwa nimeikata nusu, mwanangu. Nilijifunza kusema hapana ila kheri, nikaiacha kahawa, na kahawa ndiyo mahali pa kusemea. Laiti ningeingia kwa yule bwana, nikanywa vikombe vitatu, ningemwambia, naye angeinua simu.

Jumamosi saa moja asubuhi nilifika ofisini na karatasi zangu nne. Mkubwa wangu akazisoma zote, taratibu, rangi ikimbadilika. "Buldoza limekwenda tangu alfajiri," akasema. "Jana nilikukaribisha kahawa. Mbona hukuja?"

Nilikimbia mpaka wadini na viatu vya ofisi. Ukuta wa kushoto ulikuwa chini wote. Ule wa mbele ulikuwa umebaki kipande, usawa wa kifua, na ukanda wa chuma umepinda unaning'inia. Dereva alinambia umemtoa jasho, hajapata kuona ukuta mgumu namna ile. Nikaokota kipande kimoja cha saruj, nikakitia mfukoni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya Alasiri nikaenda kwa Mzee Hamed. Siku ile hakwenda kukaa kivulini. Alikuwa mkekani, sinia liko tayari. Akaniuliza, "Shay ulum?"

Sijapata kujibu neno zito kama lile. Nikasema, "Ma shay ulum, mzee. Hapana ila kheri."

Akanitilia. Nikala tende. Kikombe cha kwanza, cha pili. Cha tatu nikakimaliza. Nikakitikisa. Nikasema yote. Karatasi ya kwanza, daftari, Ijumaa, yote, na nikatoa kile kipande nikakiweka baina yetu.

Alikichukua, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio, kama aliyekuwa anakagua kazi. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Saruj yangu naijua inavyolia," akasema. "Nimeisikia tangu alfajiri, na jina lako nimeletewa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nakungoja nione utaniambia mlangoni au utakunywa kwanza." Akakiweka kipande juu ya sinia. "Nilikungoja na siku ile ya kwanza vilevile. Ningekwambia yote. Kahawa ilikuwa imeshafika mlangoni."

Hakunitukana, hakunifukuza. Angenitukana ningepona mapema.

Tangu siku ile nilikuwa nikimzuru kila Alkhamis, miaka saba, mpaka Mungu alipomchukua. Alinifundisha kuupiga mpira kwenye ukuta wa uani kwake, nikavimba vidole, naye akinicheka. Ofisini sikuandika tena neno la mzee yeyote kabla sijanywa kahawa yake, na hivyo ndivyo nilivyozijua habari za mji huu unazozitaka wewe leo. Inyaki hakurudi. Au alirudi, akakuta lami na magari yanapita, akaona hakuna aliyemngoja, akaenda zake. Hilo ndilo swali moja ambalo Bwana Kwanini hatalipatia jibu, na mpaka leo nikipita barabara ile hupunguza mwendo nikawatazama Wazungu wazee wanaotembea.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kuuliza si ujinga, uliza sana, Mungu ametupa udadisi ili tujuane. Lakini ukimwuliza mtu, mpe nafasi ya kukujibu. Neno la kwanza la mtu ni la kukukaribisha ndani. Habari yenyewe iko nyuma yake, nayo hutoka kwa anayekaa. Usidharau ada kwa sababu imevaa nguo usiyoizoea, itazame vizuri, huenda ni ya nyumbani kwenu. Na ukiwa na habari inayomhusu mtu, ukakaribishwa mahali pa kuisemea, ingia useme. Usiende kuipamba.

Nyanyua ule mto. Umeuona? Ndio huo, mpira wa Sinaw. Mzee Hamed alinikabidhi mwenyewe, na mimi nakukabidhi wewe. Akija mgeni, yeye au mwanawe au mjukuu wake, mtu mwenye viganja vigumu, akauliza habari ya ukuta uliokuwa wadini, usimwambie mlangoni kwamba umevunjwa. Mkalishe. Mpe tende. Mtilie kahawa mpaka atikise kikombe mwenyewe. Kisha mwambie babu yako ndiye aliyeuvunja kwa kalamu, umwombee radhi, umpe mpira huu, na umwambie bado pointi moja.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi wenye subira. Akukutanishe na wazee wakiwa bado wana la kusema, akuepushe na majuto ya kitu ulichokuwa umekikaribia hatua moja. Akufungulie milango, na kila mlango utakaofunguliwa, uingie.

Haya, kahawa imekwisha. Washa simu yako sasa, uniulize.